Mpini Upimwe kwa Mtu: Funzo la Fimbo ya Gofu kwa Jembe la Handeni na Korogwe

Mtu aendaye gulioni kununua viatu hutaja namba ya mguu wake. Ashonaye sare ya shule husimama mbele ya fundi cherehani akapimwa mabega, kiuno na mikono. Hata kofia hujaribiwa kichwani kabla ya fedha kutolewa. Lakini mtu yule yule anunuapo jembe, chombo atakachokishika kwa saa nyingi katika kila msimu wa kilimo, hapimwi na mtu wala hajipimi mwenyewe. Hugonga bapa kwa kidole asikilize mlio wa chuma, huyatazama makali, hulipa, akaenda zake. Mpini atautafuta baadaye, na mara nyingi utakuwa mpini wowote uliopatikana.

Katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, jambo hili si dogo. Mahindi, mihogo na maharage ya familia nyingi za huko hutokana na jembe la mkono. Shuleni nako jembe lina historia yake. Tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwezi wa Machi 1967, shamba limekuwa sehemu ya maisha ya wanafunzi wengi wa Tanzania. Yafaa basi kutazama yale yanayotokea stoo ya shule inapofunguliwa asubuhi ya siku ya shamba. Majembe hutolewa mmoja mmoja, yote yakiwa na mipini iliyokaribiana kwa urefu. Wanaoyapokea hawafanani hata kidogo: kuna mtoto wa kidato cha kwanza mwenye kimo cha sentimeta 140, na kuna kijana wa kidato cha sita aliyefikia sentimeta 180. Wote hupewa zana moja na kuhimizwa kwa sauti moja. Jioni, mmoja hulalamika mabega na mwingine hushika kiuno, na mwalimu huenda akadhani kwamba vijana wa siku hizi hawana nguvu.

Hoja ya makala haya ni moja. Zana ya mkono yapasa ipimwe kwa mwili wa mtumiaji wake, na shule za sekondari ndizo mahali panapofaa kuianzia kazi hiyo, kwa kuwa sayansi inayohitajika imo tayari katika masomo ya fizikia, baiolojia na hesabu. Ili kuionyesha sayansi hiyo vizuri, hapana budi kuanzia mbali kidogo na shamba, katika mchezo ambao wanafunzi wengi wa Handeni na Korogwe hawajapata kuucheza.

Mchezo unaompima mchezaji

Gofu huchezwa Tanzania katika viwanja vichache, kama vile vya Gymkhana na Lugalo jijini Dar es Salaam, na vile vya Arusha na Moshi. Mchezaji hupiga mpira mdogo kwa fimbo yenye kichwa cha chuma, akikusudia kuuingiza katika shimo lililo mbali kwa mapigo machache iwezekanavyo. Kwa mujibu wa kanuni, mpira hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93, na kipenyo chake hakipaswi kupungua milimeta 42.67. Kichwa cha fimbo hugusana na mpira kwa muda wa karibu nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo mfupi hatima ya pigo lote huamuliwa, na hakuna nafasi ya kusahihisha kosa.

Kwa sababu hiyo, wanaotengeneza fimbo hizo walilazimika kumchunguza mchezaji kwa makini. Mmoja wa waanzilishi wa kazi hiyo alikuwa Karsten Solheim, aliyezaliwa Bergen, nchini Norway, mwaka 1911, akahamia Marekani akiwa mtoto. Katika ujana wake alifanya kazi ya kutengeneza viatu, na baadaye akawa mhandisi. Alianza kucheza gofu akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 40, akachukizwa na fimbo aliyoitumia, akajitengenezea yake. Mwaka 1959 alianzisha kampuni ya Ping. Katika miaka ya 1970 kampuni hiyo ilianza kutumia chati ya rangi: mchezaji hupimwa kimo chake, kisha hupimwa umbali kutoka kifundo cha mkono wake hadi sakafuni, na vipimo hivyo viwili humwonyesha rangi ya fimbo inayomfaa. Kila rangi ina pembe yake. Pengine si ajabu kwamba fikra hiyo ilimjia mtu aliyewahi kushika viatu vya watu wengi, kwa maana fundi wa viatu hahitaji kuambiwa kwamba miguu haifanani.

Vitu vinavyopimwa katika fimbo ya gofu ni vichache na vyote vyaeleweka kwa urahisi. Cha kwanza ni urefu wa mpini. Cha pili ni pembe iliyoko kati ya mpini na kichwa. Cha tatu ni uzito na mahali uzito huo ulipo. Cha nne ni unene wa kishikio, kulingana na ukubwa wa kiganja. Cha tano ni jinsi mpini unavyonyumbuka, kulingana na mwendo wa mikono ya mchezaji. Kati ya hivyo vyote, pembe ndiyo inayoleta mafunzo makubwa zaidi. Mchezaji wa mkono wa kulia akitumia fimbo ambayo ncha ya kichwa chake huinuka juu ya nyasi wakati wa kupiga, mpira wake huelekea kushoto. Kisigino cha kichwa kikiinuka, mpira huelekea kulia. Mchezaji asiyejua sababu hujilaumu, akaanza kuupinda mwili wake ili mpira uende sawa. Huinamisha mgongo zaidi, hukunja viwiko, hubadili mwendo wa kiuno. Huenda akafaulu kuunyoosha mpira, lakini mwili wake umekwisha kugeuzwa mtumishi wa fimbo.

Hapo ndipo kanuni yenyewe inapodhihirika: zana isipomfuata mtu, mtu huifuata zana. Mchezaji wa gofu hulipa gharama ya jambo hilo kwa kushindwa mchezo. Mkulima huilipa kwa mgongo wake, naye hana kiwanja cha kuondoka jioni akasahau.

Mtu wa wastani hayupo

Wako watakaosema kwamba jembe la kawaida lilikwisha kupimwa kwa mtu wa kawaida, na kwamba mtu wa kawaida ndiye aliye wengi. Hoja hiyo ina sura ya akili, lakini uchunguzi umeikataa. Mwaka 1950 Jeshi la Anga la Marekani liliwapima marubani 4,063 ili kutengeneza chumba cha rubani kinachowafaa. Mtafiti Gilbert S. Daniels alichagua vipimo 10 vya mwili, kama vile kimo, kifua na urefu wa mikono, akakokotoa wastani wa kila kimoja. Wala hakutaka wastani kamili. Alimhesabu kuwa wa wastani kila aliyekuwa karibu na katikati. Kisha akatafuta ni marubani wangapi walio wa wastani kwa vipimo vyote 10. Hakumpata hata mmoja. Mwenye kimo cha katikati alikuwa na mikono mirefu, na mwenye kifua cha katikati alikuwa na miguu mifupi. Jeshi likaacha kumtafuta mtu wa wastani, likadai viti na vikanyagio vinavyoweza kusogezwa.

Ikiwa katika marubani zaidi ya 4,000, ambao walikuwa wamekwisha kuchaguliwa kwa kimo na afya, hakupatikana mmoja wa wastani, ni wazi kwamba hatapatikana katika darasa la wanafunzi 45. Jembe lililokusudiwa mtu wa wastani limekusudiwa mtu asiyekuwapo.

Mgongo kama wenzo

Sasa turudi shambani, na kwanza tuutazame urefu wa mpini. Mpini mfupi humlazimisha mlimaji kuinama, na kuinama kuna hesabu yake. Chukua mfano wa mwanafunzi mwenye uzito wa kilo 50. Sehemu ya mwili iliyo juu ya kiuno, pamoja na kichwa na mikono, ina uzito wa karibu kilo 28, nayo huvutwa na dunia kwa kani ya karibu nyutoni 280. Akiinama mpaka mgongo uwe sambamba na ardhi, kani hiyo huwa karibu sentimeta 30 mbele ya pingili za chini za uti wa mgongo, ambazo ndizo egemeo. Momenti yake ni 280 × 0.30, yaani nyutoni-meta 84. Misuli inayouzuia mwili usianguke mbele iko nyuma ya pingili hizo kwa umbali wa sentimeta 5 tu. Ili kusawazisha, lazima ivute kwa kani ya 84 ÷ 0.05, ambayo ni nyutoni 1,680. Hiyo ni sawa na kubeba uzito wa kilo 168, na jembe lenyewe bado halijainuliwa.

Mwanafunzi huyo huyo akisimama huku ameinama nyuzi 30 tu kutoka wima, umbali ule wa mlalo hupungua hadi nusu, na kani ya misuli hushuka hadi nyutoni 840. Namba hizi ni za makadirio, kwa kuwa mwili wa mtu una misuli mingi inayosaidiana, lakini uwiano wake ni wa kweli: mgongo unaoinama kidogo hubeba nusu ya mzigo wa mgongo uliolala.

Je, tatizo litaondoka kwa kurefusha mipini yote? La hasha. Hapa ndipo wengi waliojaribu walipokwama, na hapa ndipo somo la fimbo ya gofu linaposaidia. Bapa la jembe huingia ardhini kwa pembe fulani, na pembe hiyo hutokana na nyingine mbili: pembe iliyoko kati ya bapa na mpini, na pembe ambayo mpini unafanya na ardhi wakati jembe linapogusa udongo. Kanuni yake ni kutoa: pembe ya kuingia ni sawa na pembe ya jembe ukitoa pembe ya mpini. Tuseme jembe limefungwa kwa nyuzi 80. Mtu aliyeinama sana, ambaye mpini wake uko nyuzi 30 tu juu ya ardhi, atalichoma jembe lake kwa nyuzi 50, nalo litachimba. Mpe mtu mrefu mpini mrefu wenye jembe lile lile. Mpini wake sasa umesimama nyuzi 50, na bapa litaingia kwa nyuzi 30. Halitachimba, litaparuza. Baada ya mistari miwili atasema kwamba mpini mrefu haufai, ataukata, na kurudi kuinama kama alivyozoea.

Kosa halikuwa la urefu. Urefu ulibadilishwa na pembe ikaachwa. Mtu huyo alihitaji jembe lililofunguka hadi karibu nyuzi 100, ili 100 ukitoa 50 zibaki zile zile 50. Mwenye fimbo ya gofu hapewi mpini mrefu bila kutazamwa pembe, na mwenye jembe naye asipewe.

Jambo la kutia moyo ni kwamba pembe hiyo mara nyingi haiamuliwi kiwandani. Majembe mengi yatumikayo Tanzania huwa na msuka, yaani ncha ya chuma inayopenya katika kichwa kinene cha mpini. Fundi achongaye mpini ndiye atobolaye tundu la msuka huo, na mshazari wa tundu ndio unaoamua pembe ya jembe. Basi fundi wa mipini wa kijijini ameshika mikononi mwake uwezo ule ule alionao mpimaji wa fimbo za gofu. Kinachokosekana ni mteja wa kumwambia: nipime kwanza, kisha utoboe.

Uzito nao una hesabu yake. Nishati mwendo ya jembe linaloshuka ni nusu ya uzito ukizidisha kwa mraba wa mwendo. Jembe la kilo 1.5 likishuka kwa meta 6 kwa sekunde lina nishati ya jouli 27. Jembe la kilo 1.2 hufikia karibu nishati hiyo hiyo likishuka kwa meta 6.7 kwa sekunde. Mwenye mikono myepesi anayeweza kuongeza mwendo kidogo hapotezi kitu kwa kushika jembe jepesi, na faida yake ni kubwa wakati wa kuliinua. Mtu apigaye majembe 1,500 kwa siku, akipunguza gramu 300 katika kila pigo, amejiepusha na kuinua jumla ya kilo 450, ambazo ni magunia manne na nusu ya kilo 100. Udongo mgumu ambao haujapata mvua huhitaji jembe zito, na mwenye nguvu za kulimudu alichukue. Lakini mtoto wa kidato cha kwanza asipewe jembe hilo kwa sababu tu ndilo lililokuwa juu ya rundo.

Urefu wa mpini, tena, hutegemea kazi. Wakati wa kupalilia, mlimaji huhitaji kuupitisha ukingo wa jembe karibu na shina la mhindi bila kulikata, na mpini mrefu mno hupunguza uhakika huo. Mchezaji wa gofu huruhusiwa kubeba hadi fimbo 14 katika mchezo mmoja, kila moja kwa umbali wake. Mlimaji hutarajiwa kufyeka nyasi, kuvunja udongo, kupanda na kupalilia kwa chuma kimoja na mpini mmoja. Hata mipini miwili, mmoja wa kulimia na mmoja wa kupalilia, ingekuwa hatua kubwa.

Kuinama si bidii

Sababu nyingine ya mpini mfupi haimo katika fizikia. Imo katika mawazo ya watu. Utafiti wa mashirika ya IFAD na FAO, uliochapishwa mwaka 1998 kuhusu zana za wanawake wakulima katika nchi tano za Afrika, Uganda ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba mahali pengine mwanamke alimaye kwa mpini mrefu huonekana mvivu. Aliyesimama anadhaniwa kwamba hafanyi kazi, na aliyeinama anasifiwa. Kwa njia hiyo maumivu yamegeuzwa cheti cha bidii.

Fikra hiyo haiko Afrika peke yake. Katika jimbo la California, nchini Marekani, vibarua wa mashamba ya mboga walilazimishwa kwa miaka mingi kutumia jembe lenye mpini wa karibu sentimeta 60. Wenye mashamba walidai kwamba jembe refu lingeharibu miche. Ilisemwa pia kwamba msimamizi aliweza kuona kwa mbali nani anafanya kazi na nani amepumzika, maana aliyesimama alikuwa amepumzika. Madaktari walitoa ushahidi juu ya migongo iliyoharibika. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilikubali hoja ya wafanyakazi, na mwaka huo huo jembe hilo likapigwa marufuku. Kilimo cha mboga cha California hakikufa; vibarua walilima wakiwa wamesimama.

Funzo la kisa hicho ni zito kwa mwalimu wa Handeni au Korogwe. Asimamiaye shamba la shule asipime bidii kwa mikunjo ya mgongo. Aipime kwa tuta lililolimwa, kwa kina cha udongo uliogeuzwa, na kwa hali ya mwanafunzi kesho yake darasani. Msichana aliyelima asubuhi akashindwa kukaa sawasawa kwenye dawati mchana hakupata elimu ya kujitegemea. Alipoteza elimu mbili kwa siku moja.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema kwamba kulijadili jembe ni kurudi nyuma, na kwamba nchi ihangaike na matrekta na majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Zana hizo ni njema na ziongezwe. Lakini sehemu za Handeni zina historia ndefu ya ndorobo na ugonjwa wa nagana unaoua ng'ombe, na miteremko ya milima ya Usambara upande wa Korogwe si mahali pa kila trekta. Jembe litakuwapo kwa muda, na wanaolitumia leo hawawezi kuambiwa wangoje. Zaidi ya hayo, kijana aliyejifunza kulipima jembe atajua kudai kiti cha trekta kinachosogea, meza ya cherehani yenye kimo chake, na dawati lisilompinda shingo. Anayeizoea zana isiyomfaa atakubali kila mashine isiyomfaa.

Wengine watauliza juu ya fedha. Shule haiwezi kumnunulia kila mwanafunzi jembe lake. Jibu ni kwamba bapa laweza kubaki lile lile. Kinachobadilika ni mpini, na mipini hubadilishwa kila mara kwa kuwa huvunjika na kuliwa na wadudu. Kuukata mpini mpya kwa kipimo kinachofaa hakuongezi gharama juu ya kuukata bila kipimo. Wala haihitajiki mipini 400 ya urefu mbalimbali. Makundi matatu yanatosha kwa kuanzia, na hapa chati ya rangi ya Solheim yaweza kuigwa kwa kopo dogo la rangi: mwisho wa mpini upakwe nyekundu kwa wafupi, njano kwa wa kati, na buluu kwa warefu. Kila mwanafunzi aijue rangi yake kama aijuavyo namba ya kiatu chake.

Kazi ya darasa

Swali la urefu gani umfae nani halihitaji kungoja jibu kutoka mji mkuu. Darasa laweza kulitafuta lenyewe kwa jaribio la majuma machache. Fundi wa kijiji achonge mipini mitatu ya sentimeta 90, 110 na 130, na kila mmoja utobolewe kwa pembe inayouafiki. Mabapa yawe ya uzito mmoja, kwa kuwa tunabadili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Shamba ligawiwe vitalu vya meta 2 kwa 5 katika udongo wa namna moja. Wanafunzi wapimwe kimo, na umbali wa kifundo cha mkono hadi ardhini, kama wapimwavyo wachezaji wa gofu.

Kila mwanafunzi alime kitalu kimoja kwa kila mpini, siku tofauti, na zamu zibadilishwe ili uchovu usiupendelee mpini wowote. Viandikwe vitu vinne: muda uliotumika, kina cha kulima katika sehemu tano za kitalu, mapigo ya moyo kabla na baada ya kazi, na pembe ya mgongo. Pembe hiyo yaweza kupimwa na mwenzake kwa kipimapembe chenye uzi na kijiwe. Matokeo yapangwe kwenye jedwali kwa kufuata kimo, kisha yachorwe kwenye grafu. Mahali ambapo kazi ni nzuri, mapigo ya moyo ni machache na mgongo umenyooka, hapo ndipo kipimo kilipo.

Shule mbili zikifanya hivyo, moja kwenye nyanda kavu za Handeni na nyingine kwenye bonde la mto Pangani huko Korogwe, zitakuwa na jambo la kulinganisha, maana udongo wao si mmoja. Wanachuo wa ualimu wa Korogwe wangeweza kulichukua jaribio hilo na kulipeleka katika kila shule watakayopangiwa. Matokeo yafikishwe kwa mafundi wa mipini, ambao ndio wahandisi wa karibu zaidi na mkulima, na kwa viwanda vya zana, ambavyo vingefanya vyema kuandika uzito wa kila jembe mahali panapoonekana na kutengeneza zaidi ya uzito mmoja.

Jioni ya siku ya shamba, mwanafunzi atakwenda nyumbani na maarifa hayo. Huko atamkuta mama yake ameinama katika shamba la familia, na jembe ambalo mpini wake ulikatwa kwa kipimo cha mti uliopatikana. Amwombe asimame wima kidogo. Achukue kamba, apime kutoka kifundo cha mkono wa mama hadi ardhini, afunge fundo mahali hapo, kisha aipeleke kamba hiyo kwa fundi. Hilo ni jaribio la sayansi linalostahili alama kuliko mengi yanayofanywa katika maabara.